Vespa Iliyomo Bandani na Asili Yake

Leo tunaingia bandani, mahali ambapo wengi wetu tumezoea kuambiwa ni pa wanaume. Nyumba ngapi hapa Unguja zina vespa kuukuu iliyofunikwa turubai, imerundikiwa madumu juu yake? Kabla hamjaiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu, au kumwachia kijana aikatekate, someni kwanza ilikotoka.

Kampuni ya Piaggio ilikuwa ikitengeneza ndege huko Pontedera, Italia. Vita vya Pili vya Dunia vilikiangamiza kiwanda kwa mabomu, na vita vilipokwisha hapakuwa na mnunuzi wa ndege za kivita. Enrico Piaggio akataka chombo cha bei nafuu kwa watu waliokuwa wakihangaika katika barabara zilizobomoka. Jaribio la kwanza lilipewa jina la utani Paperino, yule bata wa katuni tunayemjua kwa jina la Donald Duck, wala halikumridhisha. Ndipo akampa kazi Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege aliyekwisha kurusha helikopta yake mwaka 1930.

Kheri ni kwamba D'Ascanio hakuzipenda pikipiki. Aliziona nzito, chafu, mnyororo wake unamrushia mtu oili, na tairi likipasuka kulibadilisha ni balaa. Basi akaanza upya. Tangi la mafuta akaliondoa mbele na kulificha chini ya kiti, ili mtu apande kwa kupitisha miguu mbele bila ya kuunyanyua mguu juu ya chombo. Mnyororo akautupa kabisa: injini ikakaa ubavuni mwa gurudumu la nyuma na kulizungusha kwa gia. Gia zenyewe akazipandisha kwenye mkono wa kushoto wa usukani. Gurudumu akalishika kwa upande mmoja tu, kama lile la ndege, lifunguke upesi. Mbele akaweka bati pana la kukinga miguu, na injini akaifunika.

Hebu lisomeni tena hilo, mkiwa na buibui akilini. Hakuna mnyororo wa kulidaka pindo, hakuna tangi la kukulazimisha upanue miguu, wala oili ya kukuchafua. Waitaliano walikuwa wakifikiria sketi na suti, si buibui, lakini faida imetufikia sisi.

Hati ya kusajili ubunifu huo iliwekwa Florence tarehe 23 Aprili 1946. Injini ilikuwa ya sentimita za ujazo 98. Inasimuliwa kwamba Enrico alipokiona chombo, kipana nyuma na chembamba katikati, alisema kinafanana na nyigu, na nyigu kwa Kiitaliano ni vespa. Sisi tunaomsifu mwari kwa kiuno cha nyigu hatuna la kushangaa. Kufika mwaka 1956 zilikuwa zimetengenezwa milioni moja.

Kwenye vespa yenu tafuteni kibati na msome jina. Mkikuta Bajaj au LML, basi chombo kimepitia India. Bajaj walitengeneza vespa kwa kibali cha Piaggio tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960; kibali kilipokoma mwaka 1971 wakaendelea na yao, Chetak. LML wa Kanpur wakaja katika miaka ya 1980. Huko India watu walisubiri miaka kupata skuta moja, na familia nyingi za bibi harusi zilibanwa zitoe skuta kwa upande wa mume. Kwetu mahari yanakwenda kwa mke na ni mali yake mwenyewe. Hili tulishike, tutalirejea hivi punde.

Vespa yetu sisi ni PX, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1977. Aliiacha marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kaka alitaka kuvifungua vifuniko vya ubavuni, akate bati la mbele na kuweka usukani mrefu, ati ndiyo mtindo. Mama akakataa. Yeye aliletwa kwenye nyumba hii akiwa amekaa upande kwenye kiti kile kile, na alitaka kukiona kikiwa kizima.

Lakini ugomvi wa mtindo ulikuja baada ya suali kubwa zaidi: vespa ni ya nani? Chombo cha marehemu ni mirathi, kama shamba na nyumba. Baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, kila mrithi ana fungu lake, na hakuna ruhusa ya kukikata wala kukipiga rangi bila ya ridhaa yao. Baba hakuacha wazazi; alimwacha mke, mtoto mwanamume mmoja na sisi wanawake wawili. Ukigawa mafungu 32, mama ana 4, kaka ana 14, na sisi kila mmoja ana 7. Wanawake wa nyumba tukawa na 18 katika 32. Kaka aliihesabu mara mbili, akacheka. Tukaithamini vespa kwa fundi, na mmoja wetu aliyekuwa akikaribia harusi akamlipa fungu lake kutoka kwenye mahari yake. Mama na aliyebaki wakamtunukia ya kwao. Kaka ndiye aliyeshika spana.

Sasa kazi yenyewe. Vespa haina fremu ya mabomba kama pikipiki. Bati la mwili ndilo fremu, jambo jingine D'Ascanio alilolileta kutoka kwenye ndege. Kwa hiyo kutu la sakafuni, ambalo hewa yetu ya chumvi inalipenda mno, si aibu ya sura tu, ni uti wa mgongo unaooza. Inueni mpira wa sakafu, gongeni kwa bisibisi. Ikitoboka, sehemu iliyooza ikatwe na bati jipya lichomelewe kabla hamjazungumza habari ya rangi. Fundi anayejaza tundu na kupaka rangi juu yake amewauzia pambo.

Injini ilifunguliwa, ringi za pistoni zikabadilishwa, kabureta ikasafishwa, nyaya za gia na klachi zikawekwa mpya. Oili inachanganywa na petroli, kwa PX yetu asilimia 2. Ikipungua pistoni inakwama. Aina za zamani zaidi hutaka nyingi zaidi, hivyo ulizeni kwanza.

Tulichobadilisha ni kichache: kiti kirefu chenye mkono wa kushikia nyuma, sehemu pana ya kuwekea miguu kwa anayekaa nyuma, na rangi ya maziwa badala ya buluu. Vifuniko vyote viwili vimebaki, kwa kuwa cha kulia ndicho kinachokutenga na injini ya moto. Kwa kilomita 500 za mwanzo bibi harusi anakwenda pole pole, pindo limekunjwa, kofia ngumu juu ya mtandio, na kadi ina jina lake.