Mtoto wa Kondoa na neno "naumwa"

Wasomaji wa visiwani waliowahi kufika Kondoa ni wachache, ijapokuwa Kiswahili kilifika huko zamani, kikifuatana na misafara ya biashara na Uislamu. Waijuao huitaja kwa michoro ya miamba ya Kolo, iliyoandikishwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mimi mfasiri navutwa zaidi na ndimi zake. Katika wilaya ya zamani ya Kondoa, kabla ya kumegwa Chemba mwaka 2012, zilikutana lugha zisizo na nasaba moja: Kirangi ni cha Kibantu, Kiburunge na Kialagwa ni vya Kikushi, Kibarabaigi ni cha Kiniloti, na Kisandawe, chenye sauti za kualisha ulimi, kimesimama peke yake. Mtoto wa huko akipatwa na saratani hupelekwa Dodoma au Dar es Salaam, na aghalabu huulizwa kwa Kiswahili: "Unaumwa?" Dawa atakayopewa hufuata jibu lake.

Natulitazame swali hilo. "Naumwa" ina maana mbili: mimi ni mgonjwa, na pia nina maumivu. Aliyekwisha kulazwa wodini akisema naumwa, amesema nini? Katika sarufi yetu kiungo ndicho kitendacho: kichwa chaniuma, jino laniuma, mwenye mwili ni mtendwa, kama aliyeumwa na nyoka. Taswira hii ya meno imeenea katika lugha nyingi za Kibantu, lakini mfasiri hana ruhusa ya kudhani kuwa na kwa Msandawe au Mburunge maumivu nayo hung'ata. Tena lipo neno uchungu: wa shubiri, wa mzazi, wa moyo. Morfini ya maji, ambayo ndiyo tegemeo la wagonjwa wa saratani katika Afrika Mashariki, nayo ni chungu ulimini. Mtoto huambiwa anywe uchungu ili uchungu umtoke.

Umaskini wa maneno hatuna. Kichwa huwanga, jipu hupwita, tumbo husokota, mbavu huchoma, kidonda hutoneshwa. Mwaka 1975 Ronald Melzack, huko Montreal, alichapisha orodha ya maneno 78 ya Kiingereza ya maumivu, akiyapanga katika mafungu 20, kwa kuwa aliona kuwa neno alichagualo mgonjwa humweleza tabibu aina ya ugonjwa. Yetu yangeweza kukusanywa vivyo hivyo. Lakini kizuizi chetu kikubwa ni adabu. Mtu mzima akimjia mtoto asubuhi na kumwambia "Hujambo?", jibu ni moja tu, "Sijambo", hata kama mifupa ilimkesha usiku kucha. Mgonjwa wetu husema "afadhali" au "namshukuru Mungu", na anayesema zaidi ya hapo huonekana analalama. Mvulana amekwisha kusikia kuwa jandoni hapaliliwi. Msichana ameambiwa avumilie. Na mara nyingi mtoto hata haulizwi. Huulizwa mama: "Mtoto anaendeleaje?" Mganga wa kienyeji naye humwelekea mzazi, ijapokuwa swali lake ni jingine: si kiasi gani, ila tangu lini na kwa sababu ya nani.

Tusije tukadhani kuwa tatizo hili ni la bara letu peke yake. Hata katika miaka ya 1980, huko Marekani na Uingereza watoto wachanga walikuwa wakipasuliwa kwa usingizi hafifu mno, kwa dhana kuwa hawahisi. Makala ya Anand na Hickey ya mwaka 1987 ilisaidia kuivunja dhana hiyo. Na kwetu Afrika Mashariki historia ya saratani ya watoto ilianza na ramani. Mwaka 1957 daktari Denis Burkitt alimwona katika hospitali ya Mulago, Kampala, mtoto mwenye uvimbe wa taya. Mwaka 1958 akaandika habari zake. Mwaka 1961, pamoja na madaktari wenzake wawili, akasafiri kwa gari maili 10,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, akionyesha picha za uvimbe huo katika hospitali za njiani. Swali lake lilikuwa: wapi? Likazaa matunda makubwa, kwani ugonjwa ulionekana kufuata joto, mvua na kimo cha nchi, na mwaka 1964 wakina Epstein wakavigundua virusi vyake. Dalili yake ya mapema ni meno kulegea. Basi ni watoto wangapi waliosema "jino laniuma" na wakang'olewa jino tu?

Kitabu cha Shirika la Afya Duniani juu ya kutuliza maumivu ya saratani kwa watoto kilitoka mwaka 1998, miaka 40 baada ya makala ya Burkitt. Uganda ilikuwa imetangulia kidogo: Anne Merriman alianzisha huduma yake Kampala mwaka 1993, akichanganya morfini ya unga na maji, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika. Ni jambo ambalo nchi nyingi tajiri zingeliona ujasiri.

Chombo cha kupimia ni picha za nyuso. Zile za Wong na Baker, za mwaka 1983, zaanza kwa kicheko na kuishia kwa machozi. Kwa mtoto aliyefunzwa kutolia, uso wa machozi ni uso wa aibu, atauruka. Zile za mwaka 2001, nyuso sita, hazina tabasamu wala chozi, nami naziona bora kwetu. Maelekezo yake ya Kiingereza humpa muuguzi maneno mawili achague lile limfaalo mtoto. Kiswahili chadai kazi zaidi: "maumivu" ni neno la kitabuni kwa mwenye miaka mitano, "uchungu" ataudhani ladha, na "unaumwa?" atajibu kuwa ndiyo, ni mgonjwa. Mimi ningeandika: "Panakuuma wapi? Panakuuma kiasi gani sasa hivi?" Kisha angetafutwa Msandawe amuulize mtoto wa kwao kwa lugha ya kwao, mama akiwa nje kidogo, nami nikae kando nitazame kidole kitakwenda kwenye uso upi.