Kama Jana, Ongeza Tano

Nilipopewa kazi ya kutengeneza mfumo wa oda wa kiwanda kidogo cha mikate hapa Dar es Salaam, nilianza na fomu. Ilikuwa fomu nzuri, hilo nalisema hadi leo. Aina 14 za mikate na skonzi, kila moja na kisanduku chake cha idadi, na chini kabisa kitufe cha kijani. Mangi, yule Mchaga mwenye duka la mtaani, afungue simu, ajaze, abonyeze, basi. Wiki ya kwanza, kati ya maduka yote tuliyoyasajili, waliojaza walikuwa wawili. Mmoja wao shemeji yake mwenye kiwanda.

Wengine waliendelea kumpigia karani. Mwenye kiwanda akaniuliza kwa upole, upole unaouma kuliko tusi, kama ile seva anayoilipia inafanya kazi gani. Kesho yake saa tisa alasiri nikavuta kiti, nikakaa pembeni ya meza ya karani kuangalia ananizidi nini.

Ni mama wa makamo. Mezani ana kauntabuku, kalamu mbili na simu ya vitufe iliyofungwa mpira mgongoni ili betri isichomoke. Simu inaita.

"Shikamoo mama. Kama jana, ongeza slesi tano."

"Marahaba baba. Na skonzi?"

"Hizo ziache hivyohivyo."

Imekwisha. Hazikupita sekunde 20. Akaangalia ukurasa wa jana, akaandika "+5" kwenye mstari wa duka lile, akapokea simu nyingine. Kwa duka lisilobadili kitu anavuta kistari kimoja kuanzia ukurasa wa jana hadi wa leo. Mara mojamoja anayeuliza ni yeye: "Huko kwenu si kuna msiba? Nikuongezee 10?" Upande wa pili kimya kidogo, halafu: "Ongeza."

Hapo nikaona ujinga wangu ulipokuwa. Niliwataka watu waandike upya kila siku jambo ambalo halijabadilika.

Kwa siku chache nilitembea nikijiona mvumbuzi. Kisha, katika kusomasoma historia ya kazi yetu hii, nikakuta jambo lenyewe lilishafanywa London mwaka 1954, tena na kiwanda cha mikate na keki, kwenye kompyuta iliyoitwa LEO. Jina ni kifupi cha maneno ya Kiingereza ya ofisi ya kielektroniki ya kampuni ya Lyons. Kwa Mswahili linachekesha: mashine iitwayo LEO, na kazi yake kukumbuka jana.

J. Lyons hawakuwa watu wa kompyuta. Walikuwa wauza chai. Mgahawa wao wa kwanza ulifunguliwa mtaa wa Piccadilly mwaka 1894, ikafuata mingine mingi, yote ikiletewa mikate, keki na vyakula kutoka viwanda vyao vya Cadby Hall, magharibi mwa London. Faida ya kikombe kimoja cha chai ni ndogo mno, na keki iliyolala haina mnunuzi. Biashara ya namna hiyo haifi kwa hasara moja kubwa. Inakufa kwa makaratasi, kwa makarani mamia wanaojumlisha senti.

Mwaka 1947 wakawatuma maofisa wawili Marekani, Thompson na Standingford, wakaangalie mashine mpya za ofisi. Huko Princeton walikutana na Herman Goldstine, akawaambia kuna Mwingereza mwenzao, Maurice Wilkes, anajenga kompyuta Cambridge. Umevuka bahari nzima kutafuta moto, unaambiwa jirani yako anao! Lyons wakatoa pauni 3,000 kuisaidia Cambridge. Mashine ya Wilkes, EDSAC, ilipofanya hesabu yake ya kwanza Mei 1949, wao nao wakaanza kujenga ya kwao kwa mfano wake, chini ya mhandisi John Pinkerton. Ilikuwa na valvu karibu 6,000 na ilijaza chumba. Kumbukumbu yake ilikuwa mirija ya zebaki yenye nafasi ya maneno 2,048. Picha moja ya mkate kwenye fomu yangu isingeenea humo. Mwishoni mwa 1951 ilikuwa ikipiga hesabu ya thamani ya mikate na keki kila wiki, kazi ya kweli ya biashara na si majaribio ya wanasayansi.

Oda zilifuata, na hapa ninamheshimu mtu mmoja zaidi ya wahandisi wote: David Caminer. Aliingia Lyons mwaka 1936 kujifunza uongozi, akaenda vitani, akapoteza mguu Tunisia, akarudi kazini. Kazi yake ilikuwa kuchunguza karatasi zinavyotembea ofisini: nani anaandika nini, na kwa nini. Kwenye oda za migahawa, yeye na wenzake waliona nilichokiona mimi pembeni ya meza ya karani, wakiwa wamenitangulia kwa miongo mingi. Kila mgahawa ukapewa oda ya kudumu kwa kila siku ya wiki. Alasiri binti aliyevaa visikizi kichwani anampigia msimamizi wa mgahawa, naye anataja mabadiliko tu: keki hizi punguza, mikate ile ongeza. Binti anatoboa kadi papohapo huku akisikiliza. LEO inazimeza kadi, inachanganya na oda ya kudumu, inatoa karatasi za kupakia magari. Mgahawani hakuna kompyuta na hakuna fomu. Kuna simu na sauti.

Yaliyokuja baadaye nayapitia harakaharaka. Mwaka 1984 huko Gateshead, Uingereza, bibi wa miaka 72, Jane Snowball, aliagiza majarini, konfleksi na mayai kwa rimoti ya televisheni. Mwaka 1994 Pizza Hut walifungua ukurasa wa oda kwenye wavuti huko Santa Cruz, California, na ukishaagiza bado mtu wa mgahawani alikupigia simu kuhakikisha. Mwaka uliofuata zikatoka PHP na MySQL, lugha ya programu na hifadhidata ninazolia nazo hadi leo. Na Lyons? Kitengo chao cha kompyuta kilikua hadi kuwa kampuni kamili, mwaka 1963 kikaunganishwa na English Electric, na migahawa yenyewe baadaye ikafungwa mmoja baada ya mwingine.

Nilirudi kiwandani nikafuta fomu. Jedwali moja likawa la oda za kudumu, la pili la mabadiliko. Karani akifungua kompyuta anakuta maduka yote yamejazwa kama jana. Simu ikiita anaandika namba moja, au haandiki kitu. Saa 11 jioni mfumo unatoa orodha, na kirikuu ya kwanza inapakiwa kreti kwa mpangilio wa njia.

Kilichonitatiza ni lile swali la msiba. Nilijaribu kuliwekea alama ya kuchagua: msiba, harusi, sikukuu. Karani akanitazama kama anavyotazamwa mtoto. Nikaweka kisanduku kitupu, "maelezo", cha maneno yoyote. Nilidhani atakisahau. Sasa ndicho ninachosoma kwanza nikiingia: "fundi anabomoa mbele, apelekewe nyuma", "Ramadhani, skonzi ziongezwe jioni tu", "kagombana na dereva, aende mwingine". Na ikifika wiki ya tatu ya Desemba, namba kwenye safu ya mikate zinageuka sifuri duka baada ya duka, na kwenye maelezo, mstari kwa mstari, neno ni moja: Moshi.