Ndege Iliyogonga Kilima Uskochi, 1942



Wazee wetu waliokulia Mombasa wakati wa Vita Vikuu vya Pili hawakuzisahau ndege za Kipevu, zilizotua majini mithili ya bata. Zilikuwa Catalina za jeshi la anga la Uingereza, zilizosaka nyambizi katika Bahari ya Hindi kuanzia 1942. Kwa kuwa mara hii twakutana Birmingham, nimeona niwasimulie habari ya ndege ya jamii hiyo iliyopotea katika nchi hii mwaka huohuo.

Tarehe 25 Agosti 1942, ndege aina ya Sunderland ya kikosi cha 228 iliondoka Invergordon, Uskochi, kwenda Aisilandi. Ilichukua watu 15, miongoni mwao Mwanamfalme George, Duke wa Kent, nduguye Mfalme George wa Sita. Nyumbani aliacha mtoto mchanga wa majuma saba. Ndege hiyo, nzito kwa mafuta ya safari ndefu, ilipasa kufuata pwani na kubaki juu ya bahari. Badala yake ikaingia bara, ukungu umetanda, na baada ya nusu saa hivi ikagonga kilima karibu na Eagle's Rock, Caithness. Wala si mlima wa kutisha. Vilima vya Shimba kule kwetu Kwale vimekipita kwa urefu.

Walikufa watu 14. Aliyenusurika ni Andrew Jack, kijana wa miaka 21, mpiga bunduki aliyekaa mkiani. Akiwa ameungua, alitangatanga nyikani hadi kesho yake alipoifikia nyumba ya watu. Huku nyuma ilikwisha kutangazwa kuwa wote wamekufa.

Mwezi Oktoba, Waziri wa Anga, Archibald Sinclair, aliliambia Bunge kwamba ndege iliiacha njia yake na kuruka chini mno, na kwamba kosa ni la rubani. Rubani huyo, Frank Goyen, Mwaustralia, alikuwa kaburini, angejibu nini? Sababu ya kukata bara haikuelezwa, nami naiona hukumu hiyo kuwa nyepesi mno kwa jambo zito. Jack, shahidi wa pekee, hakusema mengi hadharani mpaka alipofariki 1978.

Ikiwa yupo kati yetu mzee aliyeziona zile za Kipevu kwa macho yake, twamwomba aketi na vijana Jumamosi jioni, baada ya chakula, atusimulie mwenyewe.