Jezi na Joho: Hoja Kuhusu Kuhitimu kwa Wanamichezo wa Vyuo

Ikisiri

Makala hii inachunguza kama mwanafunzi wa chuo anayecheza michezo ya ushindani humaliza masomo kwa kiwango sawa na wenzake. Kwa kutumia uzoefu wa Marekani, ambako hesabu hiyo hutangazwa kwa mujibu wa sheria, pamoja na historia ya michezo ya shule na vyuo Tanzania, ninatetea hoja kwamba michezo yenyewe haimwangushi wala haimbebi mwanafunzi. Kinachoamua ni mpangilio ambao chuo humwekea. Ninaonyesha pia kwamba takwimu za wenzetu haziwezi kuhamishiwa kwetu zilivyo, kwa sababu mwanamichezo wa Tanzania huteuliwa akiwa tayari chuoni, na jambo hilo linabadilisha hesabu yote.

Utangulizi

Katika kata ya Kyimo, kando ya barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tukuyu na Kyela, ada ya chuo hutoka shambani: ndizi, chai, viazi, parachichi, pamoja na maziwa ya ng'ombe wa zizini. Mzazi anayesikia kwamba mwanawe ameteuliwa katika timu ya chuo hupata fahari, lakini hofu haikai mbali. Anajua maana ya kijana kurudi nyumbani na sapu, yaani mtihani wa marudio, na anajua zaidi maana ya kijana kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, baada ya familia kuuza mavuno ya misimu miwili. Kwake, kila saa ya mazoezi ni saa iliyotolewa kwenye daftari.

Mzazi huyohuyo anaishi katika wilaya ya Rungwe, inayoujua utamu wa mpira. Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa milimani, ilitwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania mwaka 1986, ikizishinda timu kubwa za Dar es Salaam. Rungwe haihitaji kufundishwa kwamba kipaji cha miguu kinaweza kumea popote. Inachohitaji kujua ni kama kipaji hicho na shahada vinaweza kukaa katika mtu mmoja, na kwa masharti gani.

Hofu iliyogeuka sera

Hofu ya mzazi wa Kyimo iliwahi kuwa msimamo wa serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu, mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari yalisimamishwa kwa hoja kwamba yalikula muda wa masomo. Yalirejeshwa katika awamu ya nne ya serikali. Kwa miaka hiyo kadhaa, mamia kwa maelfu ya watoto walipita madarasani bila ngazi iliyowatoa wachezaji wa kata hadi mkoa, na wa mkoa hadi taifa.

Uamuzi ule ulisimama juu ya dai linaloweza kupimwa: kwamba anayecheza hafaulu kama asiyecheza. Dai la namna hiyo linastahili takwimu kabla ya amri. Mtu anayelikubali na anayelikataa wote wawili wana wajibu wa kuonyesha walioanza ni wangapi, waliomaliza ni wangapi, na walilinganishwa na nani. Nchi iliyokwenda mbali zaidi katika kazi hiyo ni Marekani, na mafunzo yake yana manufaa kwetu, yakiwemo ya makosa yake.

Hesabu mbili, majibu mawili

Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayovitaka vyuo vitangaze kiwango cha kuhitimu cha wanafunzi wao, na kile cha wanafunzi wanaopata udhamini wa michezo. Miongoni mwa walioisukuma ni Seneta Bill Bradley na Mbunge Tom McMillen, ambao wote walikuwa wachezaji mashuhuri wa mpira wa kikapu chuoni na baadaye katika ligi ya kulipwa ya NBA. Walioijua michezo kwa ndani ndio waliotaka hesabu iwekwe wazi.

Hesabu ya serikali huwachukua wanafunzi walioingia mwaka mmoja, ikawapa miaka sita, kisha ikauliza ni wangapi wamehitimu katika chuo kilekile. Aliyehamia chuo kingine huhesabiwa kuwa hakumaliza, hata kama alipata shahada huko. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kiliona hesabu hiyo inawaonea wanamichezo, ambao huhama mara kwa mara, na kikaunda yake. Hii humtoa kwenye orodha anayeondoka akiwa na alama za kuridhisha, na humwingiza anayehamia.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wanafunzi 100 wanaingia; 60 wanahitimu, 20 wanahama wakiwa wanafaulu, 20 wanaacha masomo. Kwa hesabu ya serikali, kiwango ni asilimia 60. Kwa hesabu ya NCAA, wale 20 waliohama wanaondolewa, idadi ya kugawia inakuwa 80, na kiwango kinapanda hadi asilimia 75. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyesoma zaidi; kilichobadilika ni nani anahesabiwa. Ndiyo sababu katika daraja la kwanza la michezo ya vyuo, hesabu ya NCAA imefika takriban asilimia 90, wakati ya serikali kwa wanamichezo haohao huzunguka karibu na asilimia 70.

Mtanzania Hasheem Thabeet anatusaidia kuona ugumu huu. Alicheza mpira wa kikapu Chuo Kikuu cha Connecticut, akaondoka baada ya mwaka wa tatu, na mwaka 2009 akawa mchezaji wa pili kuchaguliwa katika uteuzi wa NBA. Kijana anayeacha chuo kwa ajira ya namna hiyo, hesabu ya serikali humweka kapu moja na aliyeshindwa mitihani. Hesabu ya NCAA humwondoa orodhani iwapo aliondoka akiwa anafaulu. Mtafiti makini hataridhika na jibu lolote kati ya hayo mawili kabla ya kuuliza mwanafunzi aliondoka kwenda wapi na akiwa na nini.

Nani alinganishwe na nani

Ugumu wa pili uko katika ulinganisho. Mwanamichezo wa Marekani hulazimika kusoma kwa muda wote ili aruhusiwe kucheza. Wanafunzi wengine huweza kupunguza kozi, kufanya kazi za kujikimu na kuchelewa. Richard Southall na wenzake wa Chuo Kikuu cha South Carolina waliliona hilo, wakapendekeza wanamichezo walinganishwe na wanafunzi wa muda wote peke yao. Kwa ulinganisho huo, sifa za wachezaji wa mpira wa kikapu na wa mpira wa Kimarekani katika vyuo vikubwa hushuka waziwazi.

Wastani nao huficha watu. Katika ripoti yake ya mwaka 2018 kuhusu vyuo vikuu 65 vyenye timu kubwa, Shaun Harper alionyesha kwamba wanamichezo wanaume weusi walihitimu kwa takriban asilimia 55, wanaume weusi wote kwa asilimia 60, wanamichezo wote kwa asilimia 69, na wanafunzi wote kwa asilimia 76. Timu ilijaa vijana weusi. Mahafali hayakuwa hivyo. Chuo kinachotangaza wastani wa wanamichezo wote kinaweza kuufunika upungufu wa wale wanaokiingizia fedha kwa mafanikio ya wachezaji wa michezo isiyotazamwa sana.

Cheti na maarifa

Hata kuhitimu peke yake si kipimo kamili. James Shulman na William Bowen, katika kitabu chao cha mwaka 2001 kuhusu vyuo 30 vinavyochagua wanafunzi kwa ukali, waligundua kwamba wanamichezo walihitimu kwa viwango vya juu, lakini wengi walibaki chini katika madaraja ya ufaulu, chini hata ya vile alama zao za kuingilia zilivyoashiria. Walimaliza, ila hawakuvuna walichoweza kuvuna.

Kisa cha Chuo Kikuu cha North Carolina kinaumiza zaidi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2014 ulibaini kwamba kwa miaka 18 zaidi ya wanafunzi 3,100 waliandikishwa katika kozi zisizo na mihadhara wala mwalimu wa kweli, ambazo kazi yake ilikuwa insha moja iliyosahihishwa kwa ukarimu. Karibu nusu ya walioandikishwa walikuwa wanamichezo. Kozi hizo zilikuwa katika idara ya masomo ya Afrika. Sisi wasomi wa Kiafrika tunapaswa kulichukulia jambo hili kwa uzito: taaluma inayotuhusu ilifanywa kichaka cha kufichia watu waliotakiwa uwanjani, na kiwango cha kuhitimu kilipanda kwa gharama ya elimu yenyewe.

Mafunzo ya Waafrika Mashariki

Vijana wetu wamekuwa sehemu ya historia hiyo. Suleiman Nyambui, mshindi wa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alikiwakilisha Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso na kutwaa ubingwa wa vyuo wa mita 10,000 mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Mkenya Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 mjini Munich mwaka 1972, alipitia chuo cha Eastern New Mexico, akaendelea hadi shahada ya uzamivu, na akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Boit hakuishia kwenye mafanikio yake binafsi. Mwaka 2004, yeye na mwandishi John Manners walianzisha KenSAP, mpango wa kuwapeleka vijana wa Bonde la Ufa katika vyuo bora vya Marekani. Waliotafutwa ni waliofaulu sana mtihani wa taifa, kisha wakajaribiwa kukimbia. Wengi hawakuwa wakimbiaji wakubwa, na vyuo viliwapokea kwa nguvu ya masomo yao. Mpango huo uligeuza mpangilio wa kawaida: darasa lilitangulia, uwanja ukafuata.

Kinachowaunganisha wanamichezo wanaohitimu ni mazingira yanayowashika. Nchini Marekani udhamini kamili hulipa ada na malazi, na hivyo huondoa sababu ya fedha inayowatoa wengi chuoni. Kanuni za NCAA humtaka mwanamichezo wa daraja la kwanza awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada mwishoni mwa mwaka wa pili, 60 mwishoni mwa wa tatu na 80 mwishoni mwa wa nne. Mazoezi ya lazima yamewekewa kikomo cha saa 20 kwa wiki, hata kama kikomo hicho hukwepwa. Kuna walimu wa ziada na saa maalumu za kujisomea. Ukiondoa nguzo hizo na kubakiza mechi, hakuna sababu ya kutarajia matokeo yaleyale.

Hesabu yetu ianzie wapi

Chuo cha Tanzania kwa kawaida hakimdahili mwanafunzi kwa sababu ya mchezo. Kijana wa Kyimo huingia chuo kikuu au chuo cha ualimu kwa alama zake, na mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, akiupata hutokana na uhitaji wake na programu anayosoma. Timu humkuta akiwa tayari mwanafunzi. Anaonekana kwenye bonanza la vitivo, anaitwa mazoezini, na pengine katika mwaka wa pili anasafiri na kikosi kwenda mashindano baina ya vyuo, kama ya TUSA kwa vyuo vikuu.

Hapa ndipo penye mtego. Aliyeteuliwa mwaka wa pili ameshavuka mitihani ya mwaka wa kwanza, kipindi ambacho wanafunzi wengi hudisko au huahirisha masomo kwa kukosa ada. Tukilinganisha wachezaji wa kikosi na wanafunzi wote walioandikishwa, wachezaji wataonekana bora bila michezo kuwa na mchango wowote, kwa sababu waliokwama mapema hawakupata nafasi ya kuteuliwa. Ulinganisho wa haki ni kati ya mchezaji na mwenzake aliyefika mwaka uleule, katika programu ileile, akiwa na alama za kuingilia zinazokaribiana na hali ileile ya mkopo. Saa ya kuhesabu ianze siku ya uteuzi, kwa wote wawili.

Mtego wa pili umo katika ratiba. Katika vyuo vyetu vingi, kazi za muhula hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Mchezaji anayesafiri kwa wiki mbili anaweza kukosa jaribio na uwasilishaji wa kazi ya kikundi, akaingia mtihani wa mwisho akiwa na mzigo ambao hakuna kipaji kinachoutua. Ikiwa kupewa jaribio mbadala ni kwa huruma ya mhadhiri, basi kuhitimu kwake kunategemea bahati ya nani anamfundisha. Kijana akianguka kwa njia hiyo tutasema mpira umemponza, ilhali kilichomponza ni chuo kilichomwomba akiwakilishe bila kumlinda.

Hitimisho na mapendekezo

Hoja ya makala hii ni moja: kiwango cha kuhitimu cha wanamichezo ni kipimo cha chuo kabla ya kuwa kipimo cha mchezaji. Kutokana na hoja hiyo yanafuata mapendekezo matatu. La kwanza, ofisi ya mshauri wa wanafunzi iunganishe orodha ya vikosi na kumbukumbu za msajili, na chuo kitangaze kila mwaka matokeo ya wanamichezo kwa mchezo, jinsia na programu, kikieleza wazi kinamhesabu nani. La pili, jaribio mbadala kwa aliyesafiri na timu liwe haki iliyoandikwa katika kanuni za mitihani. La tatu, ulinganisho uanzie siku ya uteuzi, na uangalie madaraja ya ufaulu pamoja na kuhitimu, ili tusijenge majivuno juu ya vyeti vyepesi.

Utekelezaji wake hauhitaji viwanja vipya wala fedha za wafadhili. Vitabu vya msajili vipo, na orodha za vikosi zipo. Mzazi wa Kyimo anayeombwa ridhaa mwanawe aichezee timu ana haki ya kuuliza: waliocheza kabla yake, wangapi walihitimu, na kwa daraja gani? Chuo kitakachoweza kumjibu kwa namba za kweli kitakuwa kimestahili kumvalisha mtoto huyo jezi yake. Kisichoweza kujibu kiache kwanza kumwita mazoezini, kikahesabu.