Tata Raphaël, Sango Fimbo: mpira na adhabu katika shule za mapadri

Hapa Kibati, mtoto akikosa heshima, wenyeji na waliokimbia vita wanasema neno moja: zamani kwa mapadri kulikuwa fimbo, ndiyo maana wazee wetu walisoma. Neno hilo lina historia yake, ndugu wasikilizaji, na inaanzia mbali na Goma.

Mwaka 1917 Padri Raphaël de la Kethulle, Mbelgiji wa shirika la Scheut, alifika Kongo. Kazi yake aliifanya Léopoldville, Kinshasa ya leo. Wakati ule Wabelgiji walikuwa wameachia misioni karibu elimu yote ya Wakongo, hivyo padri alikuwa mwalimu, msimamizi na hakimu wa mtoto kwa pamoja. Wanafunzi walimwita Tata Raphaël. Walimwita pia Sango Fimbo: sango kwa Lingala ni padri, na fimbo sina haja ya kuieleza.

Mtu huyo mwenye fimbo ndiye aliyeupa mji michezo. Alianzisha chama cha michezo, akaleta skauti, akaanzisha timu ya Daring mwaka 1936, ambayo leo ni Motema Pembe. Uwanja wa Reine Astrid ulifunguliwa 1937, na ule mkubwa wa Roi Baudouin mwaka 1952. Wakoloni walifurahi. Kijana anayekimbilia mpira jioni, walidhani, hana nafasi ya pombe wala siasa, na anazoea kutii filimbi.

Hesabu yao haikutoka. Padri alifariki 1956. Tarehe 4 Januari 1959 watu walitoka kwenye mechi katika uwanja uleule wakakutana na wafuasi wa ABAKO waliokatazwa mkutano wao. Mji ukawaka. Ndiyo siku tunayopumzika kila mwaka kuwakumbuka mashahidi wa uhuru. Vijana waliofundishwa kukaa kwenye mstari walikuwa wamejifunza pia kukusanyika maelfu na kuimba kwa sauti moja, na hilo hakuna fimbo iliyolifundisha.

Uwanja ukaitwa 20 Mai. Hapo Muhammad Ali alimpiga George Foreman tarehe 30 Oktoba 1974. Mwisho wa mwaka huo Mobutu alizinyang'anya makanisa shule zao. Mambo yaliharibika upesi, na Februari 1977 alitia sahihi mapatano ya kuwarudishia usimamizi. Ndiyo sababu shule nyingi tunazoita za Katoliki au za Protestanti si za binafsi hasa: kanisa linasimamia, serikali ndiyo inayopaswa kulipa walimu.

Fimbo nayo? Sheria 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inasema nidhamu, nyumbani na shuleni, itolewe kwa namna inayomheshimu mtoto kama binadamu. Mtoto aliyekimbia mabomu ameshaona adhabu ya kutosha bila kosa. Mimi naona tumerithi upande mmoja tu wa Tata Raphaël: fimbo tunaitafuta, mpira tunawaachia watoto waushone wenyewe kwa mifuko na kamba, juu ya mawe ya volkano.

Tangu 1997 uwanja ule unaitwa Tata Raphaël. Wazee mliosoma kwa mapadri, Goma, Rutshuru au Masisi, mtuambie: mlicheza nini, na mliadhibiwa namna gani?