Mabinti wa Kenya katika Mashindano ya Mbio

Tukisikia habari za wakimbiaji wa Kenya, wengi wetu huwafikiria wanaume tu. Lakini mabinti wa nchi ile nao wana historia yao, na yafaa ijulikane hata huku Kalemie, kwa maana inawahusu wazazi.

Kenya ilishiriki Michezo ya Olimpiki mara ya kwanza mwaka 1956, kule Melbourne. Mkimbiaji mwanamke hakuwamo. Ikapita miaka 12 ndipo watatu wakapelekwa Mexico, mwaka 1968: Lydia Stephens, Elizabeth Chesire na Tecla Chemabwai. Hawakurudi na medali, ila njia ilikuwa imefunguliwa.

Mwaka 1974 Sabina Chebichi, kijana aliyejulikana kwa kukimbia pekupeku amevaa shimizi, alipata medali ya shaba ya mita 800 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch. Walakini mbio zake zilikoma mapema. Tena mwaka 1976 na 1980 Kenya haikwenda Olimpiki kwa sababu ya siasa. Hivyo nguvu za vijana wengi zikapotea bure.

Lakini kizuizi kikubwa kilikuwa nyumbani. Binti alitakiwa kuchota maji, kulea wadogo zake, kisha kuolewa. Tegla Loroupe wa Pokot alikuwa akikimbia kilomita kama 10 kwenda shuleni. Baba yake hakupendezwa, akiona kwamba mbio si kazi ya mwanamke. Yeye hakuacha. Mwaka 1994 alishinda marathoni ya New York, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika; na mwaka 1998, huko Rotterdam, alimaliza kilomita 42 kwa saa 2 na dakika 20 na sekunde 47, upesi kuliko wanawake wote waliomtangulia. Mwaka 2016 aliiongoza timu ya wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio. Humo walikuwamo ndugu zetu wawili wa Kongo, Popole Misenga na Yolande Mabika, wapiganaji wa judo.

Wengine walifuata. Pauline Konga alipata fedha mwaka 1996, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa mwanamke wa Kenya. Pamela Jelimo akapata dhahabu ya kwanza mwaka 2008. Faith Kipyegon alizaa mtoto mwaka 2018, akarudi uwanjani, na mwaka 2024 akatwaa dhahabu ya mita 1500 mara ya tatu mfululizo. Basi nani atasema kwamba uzazi humaliza nguvu za mwanamke?

Hata hivyo ushindi haukumaliza taabu. Oktoba 2021 Agnes Tirop, mwenye miaka 25, aliuawa nyumbani kwake Iten, majuma machache baada ya kuvunja rekodi ya kilomita 10 barabarani ya mbio za wanawake peke yao. Wenzake wakaanza kusema waziwazi juu ya mapigo wanayoyapata wake, na juu ya wanaume wanaonyang'anya mali wasiyoitolea jasho.

Enyi wazazi, kumruhusu binti akimbie ni mwanzo tu. Apewe pia nafasi ya kusoma, atunze mwenyewe fedha yake, naye akirudi nyumbani akilia, asirudishwe kwa ajili ya mahari.