Mnyoo wa Peters, kutoka Msumbiji hadi Berlin

Mwaka 1850, katika jarida la anatomia lililohaririwa na Johannes Müller mjini Berlin, Wilhelm Peters alichapisha makala kuhusu viungo vya uzazi vya mnyoo wa baharini. Ni kurasa chache tu, lakini jina alilompa mnyoo huyo lingali likitumika: Sipunculus indicus. Msomaji asimchanganye na Carl Peters, aliyekuja baadaye kuhadaa machifu watie alama kwenye mikataba. Huyu wetu alikuwa daktari na mtaalamu wa wanyama. Aliondoka Berlin mwaka 1842, akakaa Msumbiji kwa miaka kadhaa, akafika pia Zanzibar, Komoro na Madagaska, akarejea kwao 1848 na shehena ya samaki, nyoka, popo na wadudu. Hata msamiati wa lugha za huko aliukusanya, na Wilhelm Bleek akauchapisha London mwaka 1856.

Kwa nini mtu mwenye shehena kubwa kama hiyo aandike habari za viungo vya ndani vya mnyoo? Nadhani alitambua kwamba kwa kundi la minyoo kama huyu sura ya nje haitoshi. Mnyoo huyu hana pingili wala miguu. Mbele ana mkonga mwembamba, na akiguswa huurudisha wote ndani ya mwili, akabaki mfupi na mgumu kama karanga. Akitumbukizwa kwenye pombe kali angali hai, hujikaza vivyo hivyo, na urefu na rangi yake havina tena maana. Kwa sababu hiyo makumbusho ya Ulaya yalijaa chupa za minyoo waliojikunyata, na mnyoo yuleyule akawa anapewa majina mawili matatu na watu mbalimbali.

Ukimpasua, mambo hubadilika. Maji ya mwilini hutoka yakiwa na rangi ya waridi, na yakipata hewa huelekea zambarau, kwa kuwa seli zake hubeba oksijeni kwa hemerithrini, protini yenye chuma. Utumbo hushuka hadi mkiani, kisha hupanda tena ukijisokota, na tundu la haja liko mgongoni, karibu na shina la mkonga. Misuli minne huvuta mkonga ndani. Kwenye ukuta wa mwili kuna kanda za misuli zilizolala kwa urefu, na hizo ndizo za kuhesabu, polepole, kwa ncha ya sindano. Kwa Sipunculus nudus, aliyepewa jina na Linnaeus mwaka 1766, kwa kawaida huwa kati ya 24 na 34. Kwa mnyoo wa Peters huzidi hapo.

Waliofuata waliishika njia hiyohiyo ya kisu na hesabu. Emil Selenka alitoa kitabu kikubwa kuhusu kundi zima mwaka 1883. Stephen na Edmonds walipokusanya kila kilichoandikwa, mwaka 1972, walipata spishi zipatazo 320. Edward Cutler akazipekua moja moja, na kitabu chake cha 1994 kikabakiza kama 150. Kazi ya Cutler naiheshimu sana, kwani kufuta jina kwa haki kunahitaji macho makini kuliko kuliweka.

Vinasaba vikaja na neno lao. Quatrefages, mwaka 1847, aliwaona minyoo hawa kama daraja kati ya minyoo wengine na majongoo bahari; leo, kwa ushahidi wa vinasaba, wamewekwa ndani ya ukoo wa minyoo wenye pingili, ijapokuwa wenyewe hawana hata moja. Mwaka 2014 watafiti Kawauchi na Giribet walionyesha kwamba Sipunculus nudus, aliyedhaniwa kuenea duniani kote, ni nasaba kadhaa zilizofichwa chini ya jina moja.

Basi mwanafunzi wa sayansi za bahari utakayemchimbua mnyoo huyu maji yakiwa yamekupwa, iwe Pemba, Lamu au Mtwara, mlegeze kwanza ili mkonga utoke, kisha mhifadhi kwenye ethanoli, si formalini, maana formalini huharibu vinasaba. Andika mahali, tarehe na aina ya mchanga. Halafu hesabu kanda za misuli kabla hujaandika jina lolote kwenye chupa.